Sisimizi majimoto wamesafisha michungwa yangu, lakini mizinga miwili imebaki mitupu: je, nimewafukuza nyuki mwenyewe?

#1 MchungwaMuheza

Salaam wadau.

Nina ekari mbili za michungwa hapa Muheza, mingi ikiwa ya Valensia, na kati ya mistari ninapanda bamia, pilipili hoho na kunde. Pembeni mwa shamba nina mizinga mitano ya kisasa ya masanduku, iliyokaa juu ya vigingi. Mwaka jana niliamua kuacha kabisa kupiga dawa, kwa sababu kila baada ya kupiga nilikuta nyuki wamelala chini mbele ya mizinga, na sikuweza tena kuvumilia kuwafagia.

Badala ya dawa nilikata viota vya majimoto kwenye miembe ya jirani, nikavifunga kwenye michungwa, kisha nikaunganisha miti kwa kamba ili wapite juu bila kushuka ardhini. Matokeo yake yamenishangaza. Wadudu wanaofyonza matunda machanga sasa ni wa kutafuta, viwavi waliokuwa wakimaliza majani ya miche sijawaona, na machungwa yenye funza wa nzi wa matunda yamepungua kiasi kwamba mnunuzi wangu aliniuliza ninatumia dawa gani.

Hata hivyo, ndani ya wiki sita zilizopita mizinga miwili kati ya mitano imehamwa. Juu ya mfuniko wa mmoja wao niliwaona majimoto wakitembea. Naomba wenye uzoefu mniambie: je, majimoto ndio waliowafukuza nyuki, na kama ni hivyo, nichague kipi kati ya viwili hivi?

#2 Mnazi_Unguja

Usiwaguse majimoto, ndugu yangu. Huku kwetu Unguja mnazi wenye majimoto ni mnazi wenye nazi. Kuna mdudu anayefyonza vidaka, na mate yake yana sumu inayovifanya vipukutike kabla havijafika hata kuwa madafu. Mtafiti Mwingereza M. J. Way alilichunguza jambo hili Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mdudu huyo akapewa jina la kisayansi linalomkumbuka, Pseudotheraptus wayi. Way alionyesha kuwa minazi iliyotawaliwa na majimoto ndiyo iliyonusurika, nasi tumekulia chini ya minazi hiyo huku mizinga ya nyuki ikiwa hatua chache tu kutoka hapo. Sijapata kuona majimoto wakihamisha nyuki. Tafuta sababu nyingine.

#3 KoroshoMtwara

Ninakubaliana na #2 kuhusu kazi ya majimoto, kwani hata sisi kwenye mikorosho wanatusaidia dhidi ya mbu wa mikorosho, na watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, huku Mtwara, wamewachunguza kwa muda mrefu kwa sababu hiyo hiyo. Sikubaliani naye anaposema hawagusi nyuki. Nimesimama chini ya mkorosho uliojaa maua nikaona majimoto wanne wamemkamata nyuki mmoja, kila mmoja akivuta mguu wake, mpaka wakamnyoosha kama ngozi inayowambwa kwenye ngoma. Hilo hutokea kwenye ua, si kwenye mzinga, lakini nyuki si mjinga. Nimeona pia nyuki akilikaribia shada la maua, akimwona majimoto ametulia pale, akageuka na kwenda kwenye shada jingine.

Kwa hiyo swali lako lina sehemu mbili: kama majimoto wanavamia mzinga, na kama wanapunguza malisho ya nyuki. Nadhani la pili lina uzito zaidi kuliko la kwanza.

#4 FundiMizinga_Sikonge

Mleta uzi, kabla hatujamhukumu yeyote, tujulishe ulichokikuta ndani ya mizinga hiyo. Nyuki wetu wa Afrika huhama kwa urahisi, na namna wanavyoiacha nyumba husema mengi. Wakihama kwa njaa, hujiandaa: malkia huacha kutaga, majana (watoto wa nyuki) waliopo hukua wakatoka, asali huliwa yote, na wewe hukuta masega makavu na safi. Wakihama kwa kushtuliwa, kwa mfano na siafu, moto, au mtu anayewasumbua kila siku, huondoka ghafla wakaacha asali na majana. Wakifa kwa sumu kali, utaona mizoga mbele ya mlango, mingi ikiwa imetoa ulimi nje. Wakifia mbali huko malishoni, mzinga hupungua polepole bila wewe kuona hata mzoga mmoja.

Tueleze: masega yalikuwaje, kulikuwa na majana, na mizinga hiyo ilikuwa inagusana na tawi lolote?

#5 MchungwaMuheza

Ahsante, Fundi. Mzinga wa kwanza ulikuwa na masega makavu kabisa, bila asali wala majana. Ulihamwa yapata wiki tatu baada ya maua ya michungwa kuisha. Mzinga wa pili ni tofauti: ulikuwa na majana yaliyofunikwa, sehemu yenye ukubwa wa kiganja, mengine yakiwa yamekufa, na pembeni kulikuwa na utando kama wa buibui pamoja na viwavi vyeupe. Asali ilikuwepo kidogo. Sikuona rundo la mizoga popote.

Kuhusu tawi, ni kweli: mzinga wa pili ulikuwa umeguswa na tawi la mchungwa lililoinama kwa uzito wa matunda. Huo ndio niliowaona majimoto juu yake.

#6 TikitiChalinze

Mzinga wa pili umejieleza wenyewe, tawi lilikuwa daraja. Lakini naomba niulize jambo ambalo hakuna aliyeliuliza: jirani yako anapanda nini, na anapiga dawa saa ngapi? Nyuki haishi ndani ya ekari zako mbili. Huenda kilomita mbili au tatu kutafuta mbochi (maji matamu ya maua), na wewe ukiacha dawa huku jirani akipiga, nyuki wako bado wanakunywa ya jirani.

Ninasema hivi kwa uchungu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa jirani wa namna hiyo. Nilikuwa nikipiga dawa kwenye matikiti saa mbili asubuhi, wakati maua yamefunguka na nyuki wamejaa. Msimu huo nilipata matikiti yaliyopinda, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, nikalaumu mbegu. Baadaye nilielewa kwamba tikiti lina maua dume na maua jike, na bila nyuki kubeba chavua ya kutosha tunda hujaa upande mmoja tu. Nilikuwa nikiwaua vibarua wangu ambao hawanidai hata senti.

#7 MzeeUgani_Arumeru

Nimekuwa afisa ugani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na jambo la #6 nimelikuta kila kijiji. Naomba niongeze kuhusu aina za dawa, maana wengi hudhani dawa zote ni sawa kwa nyuki.

Dawa ya unga ni mbaya zaidi kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu hung'ang'ania manyoya ya nyuki kama chavua, naye huibeba mpaka nyumbani na kuwalisha watoto. Dawa zinazoingia ndani ya mmea, kama zenye imidakloprid, hufika hadi kwenye mbochi na chavua, hivyo hata ukipiga kabla ya maua bado si salama. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya dawa tatu za kundi hilo katika mashamba ya wazi mwaka 2018, lakini huku kwetu bado zinauzwa, na mkulima hana budi kusoma kibandiko na kuhakikisha dawa imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya Tanzania ya afya ya mimea na viuatilifu. Pareto huua nyuki anayeguswa nayo, ila jua huivunja haraka, hivyo ukiipiga jioni nyuki wakishaingia ndani, hatari hupungua sana. Dawa ya bakteria wa Bt huua viwavi wanaokula majani na haiwadhuru nyuki.

Mwarobaini hauna madhara yoyote, utumie wakati wowote.

#8 SukumaKiambu

Shikamoo Mzee. Samahani nikupinge kwa adabu katika sentensi yako ya mwisho. Mwarobaini hufanya kazi zaidi kwa mdudu anayeula, kwa hiyo nyuki mkubwa huathirika kidogo, lakini kiini chake huvuruga ukuaji wa wadudu wachanga. Ukiumwagia kwenye maua, nyuki wakapeleka chavua yenye mwarobaini kwa majana, majana huweza kudhurika. Mimi huutumia kwenye sukumawiki, ambayo haina maua, na jioni tu.

Nirudi kwenye wadudu wawindaji. Sina majimoto huku kwenye baridi, ila nina wadudu kibibi. Zamani nilikuwa nikiokota wakubwa kwenye kunde na kuwaachia kwenye mboga, na kesho yake wote walikuwa wameruka na kwenda zao. Nikaja kugundua kwamba anayefaa kuhamishwa ni mtoto wake, yule mweusi mrefu mwenye madoa ya rangi ya chungwa anayefanana na mamba mdogo. Hana mabawa, anakaa, na anakula vidukari kutwa. Ninasikitika kila nikimwona mtu akimponda kwa kudhani ni mharibifu. Kibaya zaidi, kuna jamaa zao wanaokula vidung'ata, wale wadudu weupe wanaofyonza mimea, ambao watoto wao hujivika nta nyeupe, wakafanana kabisa na vidung'ata wenyewe. Ukiwa na haraka utaua askari na kumwacha mwizi.

#9 MzeeUgani_Arumeru

Marahaba, binti yangu. Umenisahihisha vizuri na ninakubali. Nilipaswa kusema kuwa mwarobaini ni nafuu, si kwamba hauna madhara.

#10 MwalimuBaiolojia

Naomba nieleze namna majimoto wanavyoishi, kwani inahusiana na swali. Kundi moja la majimoto huwa na viota vingi kwenye miti kadhaa, lakini kwa kawaida malkia ni mmoja, naye hukaa kwenye kiota kimoja tu. Viota hushonwa kwa hariri inayotoka kwa watoto wao: wafanyakazi huvuta majani yakutane, wengine huwashika watoto mdomoni na kuwatumia kama sindano ya kushonea. Ukikata viota vitano bila kupata chenye malkia, umeleta jeshi lisilo na uzazi, ambalo litapungua baada ya miezi michache. Ukichanganya viota vya makundi mawili, watapigana mpaka wamalizane.

Hili linatuletea maelezo mengine. Inawezekana majimoto wa mleta uzi walikuwa wametoka kwenye makundi tofauti, wakawa katika vita na wenye njaa, na jeshi la namna hiyo hutafuta nyama mahali popote, hata kwenye mlango wa mzinga. Mleta uzi, uliwatoa kwenye mwembe mmoja au kadhaa?

Nawakumbusha pia kwamba utitiri si mdudu, kwa kuwa ana miguu minane. Nasema hivi mapema kwa sababu uzi wa namna hii haukosi mtu atakayeleta habari za utitiri.

#11 WaridiNaivasha

Basi mimi ndiye niliyetarajiwa, Mwalimu. Nimefanya kazi kwenye nyumba za vioo za waridi Naivasha, na huko adui mkubwa ni utitiri mwekundu. Tulikuwa tukimwaga utitiri mwindaji aitwaye Phytoseiulus persimilis, ambaye hali kitu kingine ila utitiri mwekundu na mayai yake. Nyuki aliyepenya ndani ya nyumba ile alikuwa salama mbele yake kama alivyo salama mbele ya kondoo. Funzo nililolipata ni kwamba mwindaji anayechagua chakula chake ni rafiki wa nyuki, na mwindaji anayekula chochote kinachopita, kama vunjajungu, si rafiki wa mtu. Vunjajungu hujificha juu ya ua na kumla nyuki kwa utulivu uleule anaomla nao panzi. Majimoto wako upande wa vunjajungu, samahani sana kwa ndugu yetu wa Unguja.

#12 Mnazi_Unguja

Naona mnataka kuwafunga majimoto bila kusikiliza upande wa utetezi. Nauliza: ikiwa majimoto na nyuki hawawezi kukaa pamoja, mbona wamekaa pamoja kwenye pwani hii tangu kabla ya babu zetu? Majimoto hakuletwa na mtafiti yeyote, ni mwenyeji wa hapa. Aliyevuruga mambo Unguja ni sisimizi wa kahawia mwenye kichwa kikubwa, yule Pheidole, ambaye huwafukuza majimoto kwenye minazi. Pengine huyo ndiye anayepanda kwenye mizinga ya mleta uzi usiku, na majimoto wanaonekana mchana wakabebeshwa lawama.

#13 MchungwaMuheza

Mwalimu, viota nilivitoa kwenye miembe mitatu. Sikujua habari ya malkia. Ni kweli wiki ya kwanza nilikuta majimoto wengi waliokufa chini ya miti, nikadhani ni joto.

TikitiChalinze, jirani yangu wa upande wa mashariki ana nusu ekari ya matikiti na matango, na hupiga dawa asubuhi. Sijawahi kuzungumza naye kuhusu jambo hili.

#14 MpwaniMuscat

Assalamu alaykum. Mimi niko Oman, wazazi wangu wametoka Pemba. Huku kuna nyuki mdogo wa asili, tofauti na wenu, ambaye Waomani humwita Abu Tuwaiq. Hujenga sega moja tu, wazi, kwenye tawi au kwenye mwamba wenye kivuli. Kwa kuwa hana nyumba ya kujifungia, adui yake mkubwa ni chungu na sisimizi, naye hujilinda kwa kuzungushia tawi utomvu wa miti unaonata, kila upande wa sega, ili chochote kinachotambaa kinase. Nikasema moyoni kwamba mleta uzi angemwiga nyuki huyo badala ya kuchagua kati ya nyuki na majimoto.

Pia, wazo la kutumia sisimizi shambani ni la kale sana. Peter Forskål, aliyefia Yemen mwaka 1763 akiwa katika safari ya utafiti, aliandika kwamba wakulima wa mitende huko walikuwa wakileta sisimizi kutoka milimani ili wawale wadudu wa mitende. Kwenye michungwa ya kusini mwa China viota vya jamaa wa majimoto vilikuwa vikiuzwa sokoni tangu karne ya 4.

#15 FundiMizinga_Sikonge

#14 amesema kweli, na ndivyo tunavyofanya. Mzinga hautakiwi kukaa juu ya kigingi mtupu mahali penye majimoto wala siafu. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuutundika kwa waya mbili na kupaka waya grisi. Ya pili ni kuweka kila mguu wa kichanja ndani ya kopo lenye oili chafu, na kulifunika kopo kwa kofia ya bati ili mvua isilijaze na nyuki wasitumbukie. Kisha unafyeka majani yote chini na kukata kila tawi lililo karibu, kwa sababu jani moja refu likigusa mzinga, kazi yote imekuwa bure. Grisi hukauka na kushika vumbi, kwa hiyo ipakwe upya mara kwa mara.

Kuhusu chanzo, mimi bado nasema mzinga wa kwanza ni njaa tupu. Maua ya michungwa yaliisha, mvua ikakata, masega yakawa makavu. Hapo hakuna majimoto, hakuna sumu. Mzinga wa pili sina uhakika nao, kwani utando na viwavi ni nondo wa nta, na nondo wa nta hushambulia mzinga ambao tayari ni dhaifu. Kilichoudhoofisha ndicho tusichokubaliana.

#16 TikitiChalinze

Fundi, nakuheshimu, lakini dawa ya asubuhi kwenye matango hudhoofisha mzinga kwa namna uliyoieleza mwenyewe katika #4: nyuki wa malishoni hufia mbali, mzinga ukapungua polepole bila mizoga. Majana yaliyokufa yakiwa yamefunikwa yanaonyesha kwamba walezi hawakutosha kuyatia joto. Kisha nondo wakaingia. Majimoto walifika mwisho, kama wageni wa msiba wanaokuta chakula kimeshaiva.

#17 KoroshoMtwara

Na mimi naongeza uwezekano mwingine, mbawakawa wadogo weusi wa mzinga, ambao ni wenyeji wa Afrika yetu. Kundi lenye nguvu huwafungia pembeni na kuwazuia, lakini likipungua hutaga mayai ndani, na funza wao huchachusha asali mpaka inatoa povu na harufu ya matunda yaliyooza. Mleta uzi, asali uliyoikuta ilikuwa na harufu?

#18 MchungwaMuheza

Haikuwa na harufu mbaya wala povu. Mke wangu aliionja, akasema ni asali nzuri.

#19 SukumaKiambu

Basi huyo wa #17 ameachiwa huru. Wengine bado wako kizimbani.

Kwa swali lako la nini uchague, nakushauri usitegemee mwindaji mmoja tu. Panda maua yanayowalisha wote. Mimi huacha dania michache itoe maua, na mashada yake madogo huvuta nyigu wadogo wasiouma, wale wanaotaga ndani ya viwavi na vidukari, pamoja na nzi wa maua, ambaye watu humdhani nyuki kwa rangi yake, kumbe hana mwiba, na mtoto wake hula vidukari. Nyuki nao hunywa hapo hapo. Nyigu hao si wale wanaojenga darini. Mwaka 2002 nyigu mdogo aitwaye Diadegma semiclausum aliachiliwa Wundanyi, Taita, kisha Limuru, ili awashambulie viwavi wa nondo mgongo almasi kwenye kabichi, na hana habari na nyuki hata kidogo.

#20 Mnazi_Unguja

Dania ndiyo giligilani?

#21 SukumaKiambu

Ndiyo, ndugu. Ile ile unayoitia kwenye mchuzi.

#22 MzeeUgani_Arumeru

Binti amegusa jambo ambalo wakulima wa mihogo walilishuhudia kwa ukubwa wa bara zima. Kidung'ata wa mihogo aliingia Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1970, akitokea Amerika ya Kusini, na akaangamiza mashamba. Nyigu mdogo anayemshambulia alipatikana Paraguay mwaka 1981, akaachiliwa kwanza Nigeria mwaka huo huo, kisha akasambazwa katika nchi nyingi za Afrika. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995, akiwa tayari anaongoza kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe pale Nairobi. Mihogo mingi tunayokula leo inalindwa na nyigu ambaye mkulima hajawahi kumwona.

Ila mwindaji yeyote huuawa na dawa ile ile inayomuua nyuki, tena mara nyingi kabla ya mharibifu mwenyewe. Huko California mdudu kibibi kutoka Australia aliokoa michungwa kutoka kwa mdudu gamba mwishoni mwa miaka ya 1880. Katika miaka ya 1940 wakaanza kutumia dawa ya DDT, wakamuua mdudu kibibi, na mdudu gamba akarudi kwa nguvu. Kwa hiyo jirani wa matikiti anamhusu mleta uzi mara mbili, kwa nyuki na kwa majimoto.

#23 KoroshoMtwara

Mzee ametukumbusha wadudu gamba, na mimi nina onyo. Majimoto huwafuga wadudu gamba na vidukari fulani kwa ajili ya umande mtamu wanaoutoa. Kwenye michungwa hilo linaweza kuleta ukungu mweusi juu ya majani. Nyuki nao huunywa umande huo maua yakikosekana, kwa hiyo mtu akipiga dawa kwenye mti usio na ua hata moja, bado anaweza kuwaua nyuki. Mleta uzi, angalia upande wa chini wa majani yako.

#24 MchungwaMuheza

Nimeangalia. Wapo, si wengi, kwenye matawi ya ndani karibu na viota. Nilikuwa nimeandika kwamba michungwa imesafishwa, na sasa ninajisahihisha: imesafishwa isipokuwa hao.

#25 MwalimuBaiolojia

Kuhusu hofu ya #3 kwamba majimoto hupunguza ziara za nyuki kwenye maua: kwa mchungwa wa Valensia hasara ya matunda inaweza kuwa ndogo, kwa kuwa unaweza kuzaa hata bila kutembelewa sana na nyuki. Anayepoteza ni nyuki, si chungwa. Hata bamia na kunde huzaa kwa kujichavusha zenyewe kwa sehemu kubwa, wakati matango na matikiti ya jirani hutegemea sana nyuki ili yazae. Maana yake ni kwamba katika eneo lote lile, anayewahitaji zaidi nyuki wa mleta uzi ni huyo huyo anayewapiga dawa.

#26 TikitiChalinze

Mpelekee jirani habari hiyo pamoja na chupa ya asali. Usianze na lawama. Mimi nilibadilika kwa sababu mfugaji nyuki alikuja kunionyesha maua jike yangu yaliyonyauka bila kuzaa, akaniomba nipige dawa baada ya magharibi. Maua ya tikiti huwa yamefunga kabla ya hapo, na nyuki wamelala.

#27 MchungwaMuheza

Wadau, ninarudi baada ya wiki tatu na taarifa.

Nimekata matawi yote yaliyokuwa karibu. Mizinga minne nimeitundika kwa waya zenye grisi, ikiwa pamoja na ile miwili iliyohamwa, ambayo niliisafisha na kuipaka nta mpya. Mmoja nimeuacha kwenye vigingi kwa sababu umejaa nyuki na sikutaka kuusumbua. Jirani amepokea asali na ameanza kupiga dawa saa moja jioni, ingawa mkewe ameniambia kwamba kijana wao bado hupiga asubuhi baba yake akisafiri. Giligilani zimeota. Majimoto kwenye michungwa saba wamepungua sana, nadhani kwa ajili ya malkia aliyekosekana kama Mwalimu alivyosema, na nimepata kiota kikubwa kwenye mwembe mmoja ambacho nitakihamisha jioni pamoja na viota vyake vyote vya jirani.

Mzinga mmoja kati ya ile mitupu umepata nyuki wapya juzi. Lakini linalonichanganya ni hili: mzinga niliouacha kwenye vigingi, ambao majimoto bado wanapita kwenye mguu wake kila mchana, ndio wenye nyuki wengi kuliko yote. Leo nimekaa mbele yake karibu saa nzima. Majimoto wanafika mpaka sentimita chache kutoka mlangoni, walinzi wa nyuki wanajipanga na kutikisa mabawa, na majimoto wanageuka.

#28 Mnazi_Unguja

Nilisema nini?

#29 KoroshoMtwara

Ulisema hawajapata kuwahamisha nyuki. Hukusema kwamba kundi lenye nguvu hujilinda, na kundi dhaifu je? Huo wa pili ulikuwa dhaifu.

#30 FundiMizinga_Sikonge

Mleta uzi, usiufungue huo wa vigingini kwa sasa. Subiri maua yarudi, kisha uutundike usiku kwa moshi kidogo, na ututajie siku hiyo walinzi walikuwa wangapi mlangoni na kama majana yamejaa. Hapo ndipo tutaendelea kubishana tukiwa na kitu mkononi.